Ganzi ya vidole na maji baridi baada ya pasi

Mafundi cherehani wengi wa Dodoma wanaamini kwamba ukimaliza kupiga pasi kisha ukashika maji baridi, vidole vitafa ganzi na mkono utauma. Wengine hulaumu upepo wa Juni na Julai.

Baridi kweli hukakamaza vidole na inaweza kuzidisha maumivu, kwa hiyo imani hii haikutoka hewani. Ila kwa wengi chanzo ni kazi yenyewe: mkono unarudia tendo lilelile kwa nguvu, kifundo kimepinda, mapumziko hakuna. Mwaka 1713 daktari mmoja wa Italia alishaeleza jinsi makarani walivyoumia mikono kwa kuandika kutwa. Na mkulima wa zabibu anayepogoa kwa mkasi hupata shida ileile, hata kama hajawahi kugusa pasi.

Angalia ni vidole vipi. Mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ukibanwa, ganzi hushika hivyo, mara nyingi usiku, mtu akaamka anakung'uta mkono. Kidole kidogo husalimika. Maji baridi hayachagui vidole namna hiyo.

Ili ujue chanzo chako, andika kwa wiki mbili ganzi inakuja lini: siku za kazi nyingi, za kupumzika, au zile ulizoshika maji baridi. Kisukari na ujauzito navyo huongeza uwezekano wa hali hii, hivyo ganzi isiyoisha, au gumba linaloanza kuangusha sindano, ipelekwe kituo cha afya.