Ukitaka Besi Isikike, Punguza Besi

Jumamosi, chai yangu haijapoa, guta likasimama mbele ya kibanda changu cha ufundi hapa Ngamiani, Tanga. Limebeba kabati la spika refu kama jokofu, na kijana amelikumbatia kwa nyuma utadhani mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Bombo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Limeungua?"

"Halijaungua, halina nguvu. Nataka amplifaya ya wati elfu moja, hii yangu ni mia tatu tu. Nikipiga gitaa la besi na wenzangu, besi haisikiki."

Huyo ni wa nne tangu Idi. Wote wanne maneno ni yaleyale, na wote wanne nilipowauliza besi wameiweka wapi kwenye amplifaya, walinitazama kama nimeuliza samaki anaishi wapi. Mpaka mwisho, fundi! Pengine wapi?

Basi naandika mara moja. Wa tano akija nampa simu asome, mimi namalizia chai.

Tuanze na simu hiyohiyo. Weka wimbo wowote unaoujua, usichomeke spika ya nje, usikilize besi. Unaifuata, sivyo? Unaweza hata kuiimba. Sasa kispika cha simu ni kidogo kuliko kizibo cha soda, hakina ubavu wa kutoa mtikisiko wa uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi, ambao ni mara 41 kwa sekunde. (Nyuzi zinazofuata ni 55, 73 na 98.) Ile 41 haimo kabisa katika kinachotoka. Unachosikia ni watoto wake. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Unatoa 41 na kidogo, na juu yake kama 82, 124, 165 na kuendelea, na sikio likishawapata watoto linamjenga mama yao lenyewe kichwani. Besi uliyoisikia kwenye simu, nusu yake umeitengeneza wewe.

Rudia kusoma hapo kama hukuelewa, maana mengine yote yanasimama juu yake. Sauti ya chini kabisa inakutikisa kifua. Sauti ya katikati ndiyo inayokuambia hii ni E, hii ni G, na kwamba huyu anayepiga ana vidole. Ukikaza besi mpaka mwisho na kuua midi, yaani hizo sauti za katikati, umebaki na mtikisiko usio na jina.

Na bado vijana wanachonga tabasamu kwenye ekwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti: besi juu, midi shimoni, trebo (sauti nyembamba) juu. Ukiwa peke yako chumbani linapendeza, sikatai. Hata mimi nikiwa peke yangu chumbani naimba vizuri. Ingia na dramu, magitaa mawili, kinanda na waimbaji watatu, lile shimo ulilochimba katikati linajazwa na wenzako wote, na wewe umezikwa humo.

Nimewahi kuzikwa. Nilikuwa bado na nywele. Harusi ilikuwa Pongwe, ukumbi wa zege wenye paa la bati, nami nimekodi makabati mawili ili nionekane mtu. Besi mpaka mwisho. Katikati ya wimbo wa pili bibi mmoja, mzee wa shughuli, akanyanyuka kwenye jamvi akaenda kwa vijana wa mlangoni: "Wanangu, mwambieni huyo wa lori azime injini, hatumsikii mwimbaji." Vijana wakatoka kulitafuta lori. Lori lilikuwa mimi.

Wimbi la uzi wa E lina urefu unaozidi mita nane. Ndani ya ukumbi wa zege haliendi popote, linagonga ukuta na kurudi, linajikusanya kwenye pembe. Hujamaliza noti ya pili, ya kwanza bado inazurura. Kwa hiyo noti nne zinakuwa ngurumo moja. Ukiongeza wati, umeongeza ngurumo. Wala usilisukume kabati kwenye pembe ya ukumbi, maana huko linavimba zaidi.

Haya, wati zenyewe, kwa haraka. Ukitoka wati 100 kwenda 200 umeongeza desibeli 3 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo mtu aliyeshika sahani ya pilau hatazigundua. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa karibu mara mbili, unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kijana wangu anataka kutoka 300 kwenda 1,000: desibeli 5 na kidogo. Wakati huohuo kuna spika ambayo ukiipa wati moja inatoa desibeli 94 ukiwa mita moja mbele yake, na nyingine inatoa 100. Hiyo ya pili ikipewa wati 25 inalingana na ya kwanza ikiwa na 100. Hakuna anayeniuliza habari hiyo. Wote wanauliza wati, kwa sababu wati ndizo zilizoandikwa mbele kwa herufi za kung'aa.

Na juu ya zilizoandikwa mbele: geuza sabufa ya nyumbani usome nyuma, pale waya wa umeme unapoingia. Mbele imeandikwa wati 10,000. Nyuma imeandikwa volti 230, wati 60. Kilichoingia ni 60, kitoke elfu kumi? Ingekuwa hivyo tungechomeka Tanga nzima kwenye sabufa moja.

Om, kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme, sitaki kuzirefusha: makabati mawili ya om 8 yakiunganishwa sambamba ni om 4, mawili ya om 4 ni om 2, na amplifaya nyingi haziruhusu om 2. Zinazoniletea ugali ni hizo zilizolazimishwa.

Kuna jambo la magoti pia. Mpiga besi anasimama nusu mita mbele ya kabati lililo sakafuni. Sauti za katikati zinakwenda mbele moja kwa moja, zinampiga kwenye magoti. Magoti yanasikia kila noti, yeye juu hasikii kitu, anaongeza sauti, na watu wa safu ya tatu wanaziba masikio. Liinue kabati juu ya kreti mbili za soda, au lilaze liangalie juu. Kreti ni bei rahisi kuliko wati 700.

Nakubali kwamba nje hesabu inabadilika. Shughuli ya ufukweni Raskazone haina ukuta wa kurudisha chochote, upepo unachukua unachotoa, na hapo nami nakodi vyombo vikubwa. Ila hata huko nikiwa na hela ya kimoja tu, kuongeza spika au kuongeza wati, naongeza spika. Na Harvey Fletcher na Wilden Munson walishapima Marekani tangu 1933 kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, hasa zikiwa ndogo. Ndiyo maana ule mpangilio uliouchonga usiku kwa sauti ya kuogopa majirani unageuka tope ukumbini. Panga ukiwa kwenye sauti utakayopigia. Baada ya hapo usiguse.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, na hiki hakitengenezwi kwa chuma cha kulehemu.

Mara nyingi besi haisikiki kwa sababu haikomi. Kijana anapiga noti, anaiacha inalia mpaka noti inayofuata iikanyage. Mkono wa kushoto haulegezi, wa kulia hauzimi, nyuzi tatu ambazo hazikupigwa nazo zinavuma kwa kuonewa huruma. Hajawahi kuambiwa kwamba noti ina mwanzo na mwisho, na kwamba mwisho nao unapigwa. Nenda kwenye ngoma yoyote ya hapa pwani. Chapuo, ile ngoma ndogo, inapiga bila kupumzika, vumi, ile kubwa, linaingia pale na pale. Kwa nini vumi unalisikia mpaka mtaa wa pili? Ni kubwa, sawa, lakini pia linanyamaza. Likipigwa mfululizo kama chapuo, utabaki na tetemeko.

Waliokulia mji huu hawakuhitaji blogu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walipiga dansi hapahapa Tanga, na taarab ya Black Star na Lucky Star iliingiza magitaa ya umeme na besi mahali ambapo wengine walikuwa na fidla na ganuni. Sikiliza rekodi zao kwenye hicho kispika cha simu. Besi inatembea. Inaingia, inaacha nafasi, tumba inapita kwenye nafasi ile, besi inarudi. Wimbo ukifika kwenye chemko, pale muziki unapochangamka, mpiga besi haongezi noti kwa fujo. Mara nyingi anapunguza, anazikata fupi, na wachezaji ndipo wanapoinuka. Rumba ya Kongo ina ujanja wa namna hiyo, besi kuliruka pigo la kwanza ambalo kila mtu analingojea. Mguu wako unalipiga kwa niaba yake.

James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, Marekani, mkono wake wa kulia alitumia kidole kimoja. Kimoja! Gitaa ni Fender Precision ya 1962, nyuzi laini za zamani asizozibadilisha mpaka zikatike, na mara nyingi studio waya ulikwenda moja kwa moja kwenye mixa. Huyo hakuwa akitafuta wati.

Vijana wa makanisani, ambao ndio wengi wanaofanya mazoezi kwa dhati siku hizi, wanapenda kupiga kwa kidole gumba na kunyofoa uzi. Ni mtindo mzuri. Ila Larry Graham, aliyeuanzisha, alikuwa akipiga na mama yake kwenye bendi iliyobaki bila dramu, akalazimika kugonga uzi ili ukae mahali pa dramu. Wewe dramu unayo, na mpiga dramu mwenyewe hana huruma. Unagongea nini juu yake?

Na makanisani kuna ugonjwa mwingine: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Amezoea kupiga peke yake, kwa hiyo besi anaijaza mwenyewe. Wewe unapiga E, yeye anapiga E ileile pamoja na nyingine nne, na kinanda kinapita kwenye spika kubwa za ukumbi. Kabla hujauza mbuzi wa mtu ununue amplifaya, mwombe ndugu huyo kwa adabu, baada ya ibada, mkono wa kushoto aupandishe juu au auweke mfukoni. Nimeona "amplifaya mbovu" mbili zikipona kwa mazungumzo hayo.

Yapo ambayo nayafanya na siwezi kuyatetea mbele ya mwalimu wa fizikia. Wati 100 za amplifaya ya tyubu, zile za zamani zenye vioo kama balbu, naziona kubwa kuliko wati 100 za ile ya transista. Kipimo kinasema wati ni wati, na maelezo kwamba tyubu ikizidiwa inachafuka kwa upole nayakubali, lakini hayajanimaliza hamu. Nyuzi nazichemsha. Hewa ya bahari ya hapa inazila, nyuzi mpya ni ghali, basi nazitia kwenye sufuria dakika kumi, nazifuta, zinang'aa tena wiki mbili hivi. Halafu namsifu Jamerson kwa nyuzi zilizokufa. Najua. Kuhusu mbao za gitaa sitaki ugomvi. Nimeshapiga gitaa la mbao nzuri lililonuna na la mbao za kreti lililoimba. Na kuna mzee mmoja, sasa hapigi tena, ambaye alikuwa akichukua gitaa langu, kwenye amplifaya yangu, bila kugusa chochote, na besi inasogea mbele hatua mbili. Nilimtazama vidole miaka. Nilichoweza kuiba ni kidogo.

Turudi kwa kijana na jokofu lake. Nilimwambia alishushe, nikachukua gitaa lake nikalichomeka kwenye kiamplifaya changu cha wati 50 ambacho nakitumia kupimia. Besi nikairudisha chini ya nusu. Midi nikaipandisha mpaka akakunja uso.

"Fundi, inasikika mbaya."

"Peke yake mbaya. Piga."

Nikawasha redio kwa sauti ya juu, dansi lenye dramu na magitaa, yeye akafuata. Mara ya kwanza alizifurika noti. Nikamwekea kitambaa cha kufutia vumbi chini ya nyuzi, karibu na daraja, zisilie muda mrefu. Akapiga tena. Ng'ambo ya barabara mama wa chapati akageuza kichwa, kisha bega likaanza kucheza huku mkono unageuza chapati. Kijana akamwona. Hakusema kitu, ila aliacha kuuliza habari ya wati.

Kwenye gitaa lake nilikuta shimo la waya limelegea, nikalichomea risasi, nikamtoza hilo tu. Guta likaondoka na jokofu lake.

Jana jioni amerudi kwa miguu, uso umechangamka. Besi sasa inasikika, kanisani wamemsifu, mpiga kinanda ameelewa. Kilichobaki, anasema, ni kununua gitaa la nyuzi tano, ili apate ile B ya chini kabisa, ya mitikisiko 31, maana hiyo ndiyo besi yenyewe.

Nikamsogezea kigoda, nikamwagiza mama chapati mbili na chai.