Umekuja kupima presha, kwa nini uambiwe ufungue kinywa?

Tangu watoa huduma wa baadhi ya zahanati na vituo vya afya mkoani Dodoma waanze kumwangalia mgonjwa kinywa hata kama hakufuata jino, lalamiko tunalolisikia ni lile lile: "Nimekuja na presha, meno yanahusu nini?"

Yanahusu. Kisukari huchochea ugonjwa wa fizi, na fizi zenye maambukizi huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipini na amlodipini, zinaweza kuvimbisha fizi. Ukiona hivyo, sema kliniki, usijiachishe dawa. Utando mweupe kinywani unaweza kuwa dalili ya kinga kushuka, na kidonda kilichopitisha wiki mbili bila kupona, hasa kwa mtumiaji wa ugoro, si cha kusukutua kwa maji ya chumvi na kungoja. Ukaguzi wenyewe ni tochi, kijiti cha kubonyezea ulimi na dakika chache. Hakuna atakayekung'oa jino pale.

Kwa watoto tunaomba ushirikiano zaidi. Hakuna meno ya plastiki, yale yanayodaiwa kuota kwa mtoto mchanga na kumharisha. Tumelisema hili kliniki na kwenye mikutano ya vijiji, na bado wanaletwa watoto wachanga ambao fizi zao zimechokonolewa kwa spoku ya baiskeli. Vivimbe vyeupe unavyoviona kwa mtoto wa miezi minne au mitano ni machipukizi ya chonge zake za utoto, na hata mtoto asiyeharisha anavyo. Anayeharisha huuawa na upungufu wa maji; dawa yake ni ORS, yaani chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki, ambazo zahanati inapaswa kuwa nazo. Aliyechokonolewa anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, na jino la kudumu lililoko chini likaota likiwa limeharibika. Tena, kutoa tiba ya meno bila usajili ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumtendea mtoto ukatili, kwa hiyo mzazi aliyempeleka asidhani maswali yatamwishia yule mchokonoaji. Ukishuhudia, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kwa mganga mfawidhi au polisi.

Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka sita, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi husema "litang'oka tu" huku likitoboka. Halitaota jingine.

Sasa utaratibu. Zahanati nyingi hazina tabibu wa meno, hivyo likionekana tatizo utaandikiwa rufaa. Hakikisha fomu ina jina lako kama lilivyo kwenye kadi ya bima, kilichoonekana, dawa ulizopewa, jina na saini ya aliyeandika, na muhuri wa kituo. Ikikosa muhuri unaweza kurudishwa, na dirisha la mapokezi utalilaumu bure. Zahanati hupeleka kituo cha afya, kituo hupeleka hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani General. Hospitali ya Benjamin Mkapa ni kwa yanayohitaji ubingwa wa juu, si kituo cha kwanza cha jino lililotoboka. Kwa sera ya nchi, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Nenda na kadi ya kliniki.

Dharura haina ngazi. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kupumua, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, karatasi zitafuata.

Na wanaopitia kwanza duka la dawa kununua Flajili, dawa ya kuua vijidudu, na diklofenaki ya maumivu "kutuliza": maumivu yanaweza kunyamaza, shimo linabaki. Ukifika kwetu taja kila ulichomeza, pamoja na aspirini au wafarini, zinazozuia damu kuganda, kabla hujachomwa ganzi.