Mvulana hupewa miaka, msichana hupewa siku moja

Kwa mvulana tunasema amebalehe, sauti imekuwa nzito, ndevu zimeanza kuota. Ni mambo yanayokuja taratibu, na hakuna anayeweza kukutajia tarehe. Kwa msichana tunasema amevunja ungo: jana kigori, leo mwari, na habari imeshafika kwa shangazi. Nafundisha uchambuzi wa filamu, na kila nikifika kwenye filamu za makuzi naanza na maneno hayo, kwa sababu kamera nayo, hata ile ya Marekani isiyojua ungo wala unyago, huhesabu umri vivyo hivyo.

Chukua Boyhood ya Richard Linklater, iliyotoka 2014. Ilianza kupigwa 2002, ikakamilika 2013, waigizaji walewale wakirudi mwaka baada ya mwaka. Mason, anayeigizwa na Ellar Coltrane, anaanza akiwa mtoto wa shule ya msingi, anamaliza akiwa anaingia chuo. Hakuna siku anayogeuka mwanamume. Baba wa kambo anamlazimisha kunyoa, nywele zinaota tena. Unapepesa macho, ameshakuwa mrefu kuliko mama yake. Dada yake kwenye filamu anaigizwa na Lorelei, binti wa Linklater mwenyewe. Naye alikua mbele ya kamera ileile kwa miaka ileile, ila hadithi si yake. Kuna wakati alichoka, akamwomba baba yake mhusika wake afe tu. Tangu nilipolijua hilo, kila nikiitazama filamu ile macho yangu humtafuta yeye pembeni.

Sasa linganisha na Turning Red, katuni ya Domee Shi ya 2022. Meilin, msichana wa miaka 13 anayeishi Toronto, analala mtoto na kuamka panda mwekundu mkubwa kuliko kitanda. Mama yake, akiwa nje ya mlango wa bafu, anadhani ni hedhi. Anakuja na pedi za kila aina, dawa ya maumivu na maneno ya kutuliza. Kisha anamfuata hadi shuleni, anajificha nyuma ya mti, na mwisho anainua pakiti ya pedi darasa zima likitazama dirishani. Hapo Shi ameshika jambo lenyewe. Mwili wa Mason ulibadilika miaka 12 bila mtu kuujadili. Wa Meilin umebadilika asubuhi moja, na kabla ya saa za shule kwisha kila mtu ana neno la kusema.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi inayopotosha umri kwenye filamu, ambayo watazamaji wengi hawaijui. Sheria za kazi huko Marekani hupunguza saa ambazo mtoto anaweza kukaa mbele ya kamera, na hudai asomeshwe palepale. Kwa hiyo ni nafuu kumchukua mtu mzima aigize mwanafunzi. Saoirse Ronan alikuwa na miaka 22 walipopiga Lady Bird, akiigiza msichana wa 17. Mwongozaji wake, Greta Gerwig, angalau aliziacha chunusi zake zionekane. Lakini filamu nyingi hazifanyi hivyo, na binti wa kidato cha pili anayezitazama kwenye simu hujipima kwa ngozi na kifua cha mwanamke aliyemzidi karibu miaka 10. Mvulana naye huumia hapo, sikatai. Moonlight ya Barry Jenkins inampa mhusika wake mkuu, Chiron, waigizaji 3, mmoja kwa kila umri, na huyo wa mwisho, mwenye misuli na meno ya dhahabu, ni mtoto yuleyule mwoga aliyejijengea ngome.

Ndiyo maana naipenda sana Eighth Grade ya Bo Burnham, ya 2018. Elsie Fisher alikuwa na miaka 14, ndiyo kwanza amemaliza darasa la nane kama Kayla anayemwigiza. Kwenye sherehe ya bwawa la kuogelea, Kayla anajifungia bafuni pumzi zikimpaa, kisha anatoka na vazi lake la kuogelea la kijani, mabega yameinama, mikono imejikumbatia. Kamera za filamu za vijana zimezoea kupanda mwili wa msichana kutoka miguuni. Hii inakaa na woga wake. Bodi ya madaraja Marekani iliipa R, maana yake asiyefika miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, hadi kampuni ya usambazaji ikaandaa maonyesho ya bure ya usiku mmoja, Agosti mwaka huo, bila kudai umri wa mtu.

Na kuna onyesho la gari. Mvulana wa sekondari anamrudisha Kayla nyumbani, anasimamisha gari, anahamia kiti cha nyuma alipo yeye, anamtaka acheze mchezo wa maswali na kuthubutu. Anavua shati lake, kisha anamwambia naye avue. Kayla anakataa. Mvulana ananuna, na Kayla anaanza kumwomba radhi. Anarudia na kurudia.

Nikionyesha kipande hicho, wavulana darasani huniuliza anaomba radhi kwa kosa gani. Wasichana hawajawahi kuniuliza.