Pini ya Fayza na kifungu cha 138D

Kwenye filamu ya Kimisri iitwayo 678 kuna mama anaitwa Fayza, mwenye kipato kidogo, anayepanda basi Cairo huku akijua kitakachompata humo ndani. Basi limejaa, mwanaume anajisogeza nyuma yake, anajifanya kasukumwa na wenzake. Abiria wa pembeni wanaona, wanageukia dirishani. Mwisho Fayza anachomoa pini na kumchoma nayo pabaya.

Watu niliokaa nao walipiga makofi. Nilikuwa Cairo kwa mafunzo ya mawakili, wenyeji wakaniwekea filamu hiyo ya mwaka 2010, kazi ya Mohamed Diab, na walibishana nayo mwanzo mwisho kama watu wanaotazama mechi ya watani wa jadi. Mimi nilikuwa nahesabu makosa ya jinai, ya huyo bwana na ya Fayza pia. Ndiyo maradhi ya kazi yetu.

Nyuma ya filamu kuna kesi ya kweli. Mwaka 2008 dada mmoja, Noha Rushdi, alishikwa mwilini na dereva aliyekuwa akipita barabarani. Hakunyamaza. Alimng'ang'ania mpaka akafikishwa polisi, na Oktoba mwaka huohuo mahakama ikampa yule dereva miaka 3 jela. Wakati huo Misri haikuwa na kifungu kinachotaja bughudha za kijinsia kwa jina lake. Kiliongezwa mwaka 2014, na mwaka 2021 adhabu zikapandishwa. Kwenye filamu, binti aliyechongwa kutokana na kisa hicho anaandamwa zaidi na ndugu zake na ndugu wa mchumba kuliko na mtuhumiwa mwenyewe. Wote wanamtaka afute kesi.

Sisi Tanzania tulitangulia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile watu wanayoiita SOSPA, iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachohusu bughudha za kijinsia, miaka 10 kabla Noha hajamburuta mtu polisi. Lakini hapa Dodoma, nikitoa elimu ya sheria mtaani au chuoni, swali la kwanza bado ni lilelile: "Wakili, kwani hilo nalo ni kosa?"

Ni kosa, na si kushikwa tu. Kifungu kinagusa maneno na vitendo vinavyomsumbua mtu kijinsia. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru mwathirika alipwe fidia. Hiyo faini mwaka 1998 ilikuwa hela ya kumtoa mtu jasho. Leo hainunui hata simu ya maana, na kwa maoni yangu imekaa muda mrefu mno bila kuguswa.

Shida huanza kwenye kuchora mstari. Chukua mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anashuka kituo cha Sabasaba, anapita kwenye kijiwe cha bodaboda. "Mambo, mrembo." Hiyo peke yake siwezi kuifungulia kesi, na sitaki. Anapita kimya. "Unaringa nini, kwani mzuri kiasi hicho?" Anaongeza mwendo. Mmoja anawasha pikipiki, anamfuata pole pole pembeni ya barabara akimsimulia atakavyomfanya, mpaka kwenye kona. Hapo tumeshavuka. Kule kumfuata ndiko kunakonisaidia mimi, maana mshtakiwa hawezi tena kusema alikuwa anatania au anatafuta abiria.

Au Soko la Majengo, upande wa mitumba. Kijana anakuvuta mkono, "dada njoo ujaribu hii". Inaudhi, ila ni biashara. Mkono ukihama ukaenda kiunoni kwa kisingizio cha kupima gauni, biashara imekwisha.

Wengi wanaamini bila shahidi hakuna kesi. Kwa makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kinachoangusha malalamiko mengi ni kutojulikana aliyefanya. "Kaka mmoja mweusi, ana kofia" haimsaidii askari wa dawati la jinsia na watoto. Namba ya bajaji inamsaidia. Jina la kijiwe linamsaidia, kwa sababu kijiwe kina mwenyekiti anayewafahamu vijana wake. Daladala ina namba ubavuni na konda ambaye nauli ya kila mtu imepita mkononi mwake. Kwenye treni ya SGR, iliyofika kwetu mwaka 2024, tiketi ina behewa na kiti, kwa hiyo ukijua alikaa wapi umeshapata pa kuanzia. Cairo, kwenye metro, wametenga mabehewa ya wanawake. Mimi si shabiki sana wa hilo, ingawa jioni watu wanapobanana nilipanda humo kwa shukrani zote.

Turudi kwenye pini. Kanuni ya Adhabu inakupa haki ya kujitetea, kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kuzuia shambulio. Mtu anakupapasa, unamsukuma, unamkanyaga, unampiga kiwiko akuachie: nitakusimamia bila wasiwasi. Ukipanda basi kesho yake na kisu mkobani kumsubiri mwingine, kama Fayza anavyofanya mbele ya safari, nitakuwa nakutetea kwenye kesi ambayo mshtakiwa ni wewe.

Kuna jambo lingine ambalo filamu haiwezi kukufundisha, kwa kuwa ni la kwetu. Malalamiko chini ya 138D yana ukomo: siku 60 tangu tukio, na kama yalikuwa matukio ya mfululizo, tangu lile la mwisho. Hizo siku huliwa na vikao. Baba mdogo anaita kikao, upande wa pili wanaomba wapewe muda, mzee mwenye uamuzi yuko Kondoa mpaka mwisho wa mwezi, kisha linasemwa lile la "yaishe tu kifamilia". Familia inakuja ofisini kwangu mwezi wa tatu tangu tukio, imechoka, sasa inataka kushtaki. Kwa hiyo mteja akinipigia siku ya tukio, namwambia aende kituoni leo leo, aandikishe maelezo, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni. Vikao viendelee, ila vikute jalada limeshafunguliwa.