Nani Yumo kwenye Foleni? Aina za Demokrasia na Kura ya Mzanzibari

Ukiuliza aina za demokrasia kwenye mkutano wa elimu ya uraia, jibu huja haraka: ipo ya moja kwa moja, raia wenyewe wanaamua jambo, na ipo ya uwakilishi, wanachagua watu wa kuwaamulia. Sawa. Lakini raia hao ni nani? Hilo ndilo swali ninalotaka tulishike.

Tazameni Uswisi. Katika jimbo la Appenzell Innerrhoden watu hukusanyika uwanjani na kuamua mambo yao kwa kunyoosha mikono. Hata hivyo, Aprili 1990 wanaume waliokusanyika pale waliwanyima wanawake kura ya jimbo, mpaka mahakama ya juu ya nchi ikawalazimisha Novemba ya mwaka huo huo. Kitaifa, wanawake wa Uswisi walipata kura mwaka 1971. Wenzao wa Unguja na Pemba walikuwa wameshapiga kura miaka kumi kabla.

Kwetu nako haki hii ilikuja kwa vipande. Baraza la Kutunga Sheria lilianza 1926 kwa wajumbe wa kuteuliwa, na Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946. Uchaguzi wa Julai 1957 ulikuwa wa viti sita. Walioruhusiwa ni wanaume, tena wenye miaka 25 na kuendelea waliotimiza masharti kama vile kujua kusoma au kuwa na mali. Mwanamke aliyechuma karafuu msimu mzima hakuwemo.

Januari 1961 wanawake wakasimama kwenye foleni kwa mara ya kwanza. Chake Chake, Pemba, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilishinda kwa kura moja: 1,538 dhidi ya 1,537. Kwa kiti hicho ASP ikapata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3. Wajumbe wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana kuundwa, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Mpiga kura mmoja tu wa Chake Chake angebadili mawazo asubuhi ile, kiti kingekwenda ZNP na hesabu ingekuwa 12 kwa 10 kwa upande wake.

Mwaka 1963 likaja somo jengine. ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP zikaunda serikali kwa viti 18. Anayeshinda jimbo kwa maelfu na anayeshinda kwa kura chache wote wanapata kiti kimoja. Kwa maoni yangu, jambo hili lilistahili kufundishwa kila skuli.

Baada ya Mapinduzi, Wazanzibari walisubiri hadi 1980 kuchagua wawakilishi, chini ya chama kimoja. Vyama vingi vikarudi 1992. Demokrasia ya moja kwa moja tuliionja kwenye kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, wapiga kura wapatao theluthi mbili walipokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Leo umri wa kupiga kura ni miaka 18, lakini asiyekuwemo kwenye daftari la wapiga kura hapigi. Anayeathirika mara nyingi ni kijana aliyehama kutafuta kazi, na bibi ambaye jina lake limeandikwa vibaya. Daftari likibandikwa kwa ukaguzi, mfuateni bibi huyo nyumbani, mwende naye na kitambulisho chake, na kosa liombewe marekebisho kabla muda haujafungwa.