Mashimo Kuingia Si Rimu Kukaa

Nimeambiwa tena wiki hii. Mteja kaja na rimu nne mpya, bado zimo ndani ya nailoni, akazipanga kando ya gari analojiundia mwenyewe, akasema ile sentensi: "Fundi, nimeshazijaribu. Mashimo yote manne yameingia. Wewe kaza tu." Nimeisikia mara nyingi mno. Siku hizi mtu akianza na "fundi, nimeshazijaribu", mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye rula ya vernia.

Kwa hiyo naandika mara moja, halafu nitakuwa nawatumia watu hii badala ya kugombana nao. Nachukulia kwamba unajua PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya mashimo ya boliti) na ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu kwenye gari) ni vitu gani. Kama umeshaunganisha fremu na kufunga injini, huna kisingizio cha kutojua.

Mashimo kuingia kunakuambia jambo moja tu, nalo ni kwamba mashimo yameingia. Chukua 4x108, yaani mashimo manne kwenye PCD ya milimita 108. Ford Sierra na Escort za zamani, ambazo zimekuwa gari mama (gari linalotolewa vipuri) za magari mengi ya kujiundia ya umbo la Lotus Seven, gari dogo jepesi lililo wazi juu, zina 4x108. Peugeot nyingi zina 4x108. Audi 80 nayo ilikuwa na 4x108. Ukisoma namba hiyo peke yake utadhani rimu za hao watatu zinaazimana kama mashati ya ndugu. Sasa pima tundu la katikati: Ford milimita 63.4, Peugeot 65.1, Audi 57.1. Rimu ya Audi haipandi kwenye habu ya Ford hata ukiipigia magoti. Ya Peugeot inapanda vizuri sana, na hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu inabaki ikielea na hakuna cha kuiweka katikati. Tena Peugeot hufungwa kwa boliti zinazoingizwa kwenye habu, nyuzi M12x1.25 (unene milimita 12, kila mzunguko milimita 1.25), wakati Ford ina boliti zilizosimama kwenye habu na nati za M12x1.5.

Na hizo nati zenyewe zina kitako. Kuna kitako cha koni ya digrii 60, kuna cha duara kama mpira, kuna cha bapa chenye washa. Ukifunga nati ya koni kwenye rimu ya kitako cha duara, chuma kinagusana kwenye mstari mwembamba tu. Spana itakuambia imekaza. Baada ya siku chache aloi imekatika pale ilipogusana, nati imelegea, na wewe unasema usukani unatetemeka kwa sababu ya balansi. Nimewahi kushusha tairi la mbele ambalo nati zote nne zilizunguka kwa vidole. Mwenye gari alikuwa ameshalipeleka kwenye balansi mara mbili.

Tofauti ndogo ndizo mbaya zaidi. Mtu hawezi kufunga 4x100 kwenye habu ya 4x108, milimita 8 zitamkatalia palepale. Lakini 4x98 na 4x100? Kila tundu limekosea kwa milimita moja tu. Nati zinaingia, zinavuta, boliti zinapinda kidogo, na kazi inaonekana imekwisha. Kwa hiyo usikisie. Kwenye rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lile la mkabala wake. Kwenye ya matano hakuna mkabala, kwa hiyo pima matundu mawili yanayofuatana, katikati hadi katikati, ugawanye kwa 0.588. Ukipata 67.2, una PCD ya 114.3.

Bado sijafika kwenye ET, na ET ndiyo inayoniharibia siku.

Watu wanaichukua kama namba ya urembo: ET ndogo, tairi linatoka nje, gari linasimama kifua mbele. Sawa. Lakini upana wa rimu nao unahesabiwa, na watu wanausahau. Tuseme gari mama lilikuja na 6J (upana wa inchi 6) ET 38, na wewe umependa 8J ET 20. Inchi mbili za upana ni milimita 50.8, nusu yake inakwenda kila upande, yaani 25.4. Ongeza tofauti ya ET, milimita 18, upande wa nje. Ukingo wa nje umesogea milimita 43.4. Ukingo wa ndani nao umeingia milimita 7.4, ijapokuwa ulidhani umesogeza kila kitu nje. Hizo 7.4 ndizo zitakazokwangua mkono wa sasipensheni ukikata kona kwa nguvu. Zile 43.4 zitatoka nje ya tigadi, kile kifuniko cha juu ya tairi, na kwenye gari ambalo tigadi za mbele zinageuka pamoja na tairi, utaanza kukunja upya vyuma vya kuzishikilia.

Tigadi ni kelele tu. Madhara yenyewe yako chini ya gari. Mstari ambao tairi la mbele linageukia unapita kwenye maungio ya sasipensheni na kushuka hadi barabarani, karibu na katikati ya pale tairi linapogusa lami. Aliyechora gari alipima umbali huo. Ukilisukuma tairi nje milimita 30 au 40 umempa barabara mpini mrefu wa kuushika usukani wako: kila shimo linauvuta, breki zikishika upande mmoja zaidi unauvuta, na beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyotengenezewa. Halafu mtu anakuja kuniambia vipande vya gari alivyonunua ni vibovu. Vipande ni vizima. Rimu ndiyo uliyoichagua kwa picha.

"Basi tuweke spesa." Hili nalo nimelisikia. Spesa, kipande cha kujaza nafasi kati ya habu na rimu, si dhambi. Spesa nene inayojifunga kwenye habu kwa nati zake, yenye kola ya kuishika rimu katikati, inafanya kazi yake. Inayonikera ni ile sahani tupu ya milimita 5 inayochomekwa kwenye boliti zilezile. Milimita 5 kwenye nyuzi za M12x1.5 ni mizunguko zaidi ya mitatu ya nati iliyopotea. Kipimo ninachoshika ni hiki: nyuzi zilizoshikana zisipungue unene wa boliti, yaani milimita 12, mizunguko minane. Hesabu mizunguko kwa mkono, kwa sauti. Ikiwa ni sita, ama boliti ndefu zaidi, ama rimu nyingine. Na sahani ya namna hiyo mara nyingi inameza kola ya habu, kwa hiyo umepoteza nyuzi na umepoteza katikati kwa mkupuo mmoja.

Dawa yangu ni ya kizamani na watu wanaicheka hadi siku inapowaokolea pesa. Kabla hujanunua rimu, kata duara la plaiwudi lenye kipenyo cha tairi zima, lifunge kwenye habu, ulijazie vipande vya mbao hadi upana wa tairi. Toa springi. Inua sasipensheni kwa jeki hadi mwisho, ishushe hadi mwisho, na katika kila hali zungusha usukani kushoto hadi ugote, kulia hadi ugote. Andika nafasi iliyobaki ndani na nje. Kisha pima nafasi kati ya kalipa ya breki na mikono ya rimu, maana ET haisemi lolote kuhusu umbo la mikono. Nafasi hizo ndizo zinazochagua rimu. Macho yako yatachagua rangi.

Ukubwa wa rimu nisiuzungushe. Sierra ilizidi tani moja. Gari la umbo la Seven lina kilo 500 hadi 700. Rimu za inchi 17 kwenye gari jepesi hivyo zinaongeza uzito pale pasipobebwa na springi, na gari linaruka badala ya kushika. Tairi pana mno halipati joto. Na usinakili upepo wa gari mama: haya magari hutembea kwa psi 18 hadi 20 hivi, na ukijaza 32 utadhani umefunga matairi ya mbao.

Tairi ndipo linapoingia kwenye dashibodi. Watu wanadhani spidomita inajua mwendo. Inajua mizunguko tu. Tairi la 185/60R13 lina kipenyo cha milimita 552, huzunguka kama mara 576 kwa kilomita. La 205/40R17 lina 596, mara 534. Spidomita iliyopangwa kwa lile la kwanza, ukiifungia la pili, itaonyesha 100 wakati unakwenda karibu 108. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inaruhusu spidomita kuzidisha kidogo, hairuhusu kupunguza hata chembe. Geji nyingi za kisasa zinapangwa upya kwa kuendesha umbali uliopimwa na kubonyeza kitufe. Fanya hivyo baada ya kuamua matairi. Mteja mmoja alinifanya niipange mara tatu.

Dashibodi yenyewe ina uzushi wake, ila huu haunipandishi presha kiasi hicho.

"Geji ikishafungwa kwenye dashi, imeshapata negativu." Kwenye gari la kiwandani lenye chuma nyuma ya dashi, pengine. Dashi yako ni faibaglasi au mbao, haipitishi umeme. Peleka waya mmoja mnene kutoka kwenye fremu, penye chuma kilichokwanguliwa rangi, hadi nyuma ya dashi, kisha kila geji ipate wake kutoka hapo. Ukiwasha taa na sindano ya joto ikacheza, usiguse rejeta. Tafuta negativu.

"Geji ya mafuta ni geji ya mafuta." La. Kielea, yaani kipimo kinachokaa ndani ya tangi, cha mfumo wa Ulaya uliozoeleka kina omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likiwa limejaa. Cha Kimarekani kinakwenda kinyume, 240 tupu na 33 limejaa. Ukichanganya, geji itakupa tangi lililojaa siku gari linapozimika kwa kukosa mafuta. Nunua geji na kielea pamoja, au pima kielea kwa mita kabla hujakifungia ndani ya tangi.

Taa ya chaji nayo. Mtu anang'oa kibalbu cha wati 2.2, anaweka LED kwa sababu inang'aa vizuri, halafu anashangaa betri inakufa. Alternata nyingi huamshwa na umeme unaopita kwenye kile kibalbu, na LED inapitisha kidogo mno. Rudisha balbu, au weka rezista sambamba na LED. Injini ikinguruma, betri isome volti 13.8 hadi 14.4. Ikibaki 12.6 hakuna kinachochaji.

Kabonifaiba ya kung'aa: nzuri kwenye picha, jua likipiga inajitazama kwenye kioo cha mbele na wewe huoni barabara. Rangi isiyong'aa, nyeusi, imekwisha. Na kingo zote za chuma zizungushwe. Kwenye sehemu kichwa kinapoweza kugonga, kanuni namba 21 ya Umoja wa Mataifa inataka duara la angalau milimita 2.5, na mkaguzi anakuja na kipimo chake.

Usitoboe dashi ikiwa mezani. Kata boksi la umbo lake, lifunge mahali pake, kaa kwenye kiti chenyewe ukiwa na usukani wenyewe, maana wa kipenyo kidogo unaziba nusu ya geji, kisha chora miduara kutoka pale macho yako yalipo. Geji ndogo ni milimita 52, kubwa 80 au 100. Nyaya ziache sentimita 30 za ziada na plagi moja kubwa, dashi itoke nzima kwa boliti nne. Utaitoa. Kila mtu huitoa, kwa kawaida usiku wa kuamkia ukaguzi.