Ajenti kuwa na leseni haimaanishi ploti ni safi

Kuna kitu watu wengi hapa Kenya wanakiamini na kinaumiza watu vibaya sana, eti ajenti akishakuwa amesajiliwa na Estate Agents Registration Board, ile bodi inayosajili maajenti wa ploti na nyumba, basi ploti anayouza iko sawa na unaweza kutuma dipoziti leo leo. Hapana jamani. Usajili ni muhimu, tena sheria ya maajenti, sura ya 533, inakataza mtu kufanya hii kazi bila kusajiliwa, lakini leseni inakuhakikishia huyo mtu anaruhusiwa kufanya kazi, mambo ya hati ni kitu kingine kabisa.

Hati lazima uifanyie sachi, yaani kuikagua kwenye rekodi rasmi za ardhi, mwenyewe au kupitia wakili wako, na ukishapata majibu usiangalie jina la mwenye shamba tu ukafurahi, shuka hadi chini pale panapoandikwa mikopo na vizuizi, maana unaweza kupata jina ni lile lile la kwenye kitambulisho lakini benki imeishikilia hiyo ploti kwa sababu ya deni, au mtu wa familia ameweka kosheni, yaani zuio la kuuza. Ajenti mwaminifu hatakasirika ukiuliza hayo.

Halafu makaratasi ya kuhamisha umiliki ni kazi ya wakili, ajenti haruhusiwi kuyaandaa kwa malipo. Na akikwambia utume dipoziti kwa M-Pesa yake binafsi, kataa, hela za wateja zinafaa kukaa kwa akaunti yao tofauti na mfuko wake.